Konrad von Wangenheim na Farasi Wake Kurfürst

Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za watu walioshinda: wavumbuzi, majemadari, na wakimbiaji waliowaacha wenzao nyuma sana. Safari hii nimeona niwaletee habari za mtu aliyetoka wa 24. Katika mashindano makubwa ya farasi alianguka mara mbili katika siku mbili, akavunjika mfupa, na jina lake likaandikwa karibu na mkia wa orodha. Lakini miaka mingi imepita, na wengi waliomtangulia katika orodha ile wamesahauliwa, hali yeye bado anakumbukwa. Mtu huyo ni Konrad von Wangenheim, Mjerumani, na siku zenyewe ni tarehe 15 na 16 Agosti, mwaka wa 1936.

Nitasimulia kwanza yaliyotokea, kisha nitasema niyaonavyo. Naomba msomaji asiwe na haraka ya kusifu wala ya kulaumu mpaka afike mwisho, maana habari hii ina zaidi ya upande mmoja.

Konrad von Wangenheim alizaliwa tarehe 20 Agosti, 1909, katika mji wa Hannover, kaskazini ya Ujerumani. Watu wa ukoo wake walikuwa makabaila, wenye cheo cha Freiherr, ambacho ni sawa na Baron katika nchi nyingine za Ulaya. Alipokuwa kijana aliingia jeshini, akawa afisa wa askari wapanda farasi. Mji wa Hannover ulikuwa na shule kubwa ya jeshi ya kufundishia upandaji wa farasi, na shule hiyo ilitoa wapandaji wengi waliojulikana sana kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Huenda msomaji akauliza, jeshi la karne ya ishirini lilitaka farasi wa nini, hali magari na vifaru vilikuwapo? Ukweli ni kwamba majeshi mengi ya Ulaya wakati ule yalikuwa bado yakitegemea farasi sana, kwa kuvuta mizinga na kuchukua vyakula na mizigo. Afisa alitakiwa kuwa na farasi mtulivu kwenye gwaride, mwenye pumzi ya kwenda mbali, asiyeogopa handaki wala maji, na ambaye kesho yake, baada ya kazi ngumu, angeweza kutoka tena zizini akafanya kazi nyingine. Mashindano ya siku kadhaa yalianzishwa ili kuwapima farasi na maofisa kwa mambo hayo. Wajerumani waliyaita Militär, yaani ya kijeshi. Yaliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, mjini Stockholm.

Kwetu farasi ni wachache, na wengi wetu tunamjua punda zaidi. Kwa hiyo ni vema nieleze jinsi mashindano hayo yalivyopangwa mjini Berlin mwaka ule wa 1936.

Yalikuwa na sehemu tatu, na kila mtu alitakiwa kumpanda farasi mmoja tu tangu mwanzo hata mwisho. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya utii. Farasi alizungushwa uwanjani kwa hatua za polepole na za haraka, akigeuka na kusimama kwa ishara ndogo za mpandaji, na waamuzi wakaandika alama zao. Sehemu ya pili ilikuwa ndiyo ngumu kuliko zote. Ilikuwa ni safari ya kilomita 36 kwa siku moja: kilomita 7 za barabarani, kisha kilomita 4 za kukimbia kwa kasi na kuruka viunzi, kisha kilomita 15 nyingine za barabarani, kisha kilomita 8 za nyikani zenye vizuizi 35, na mwisho kilomita 2 za kukimbia katika mahali tambarare. Sehemu ya tatu ilifanyika kesho yake katika uwanja mkubwa wa Olimpiki, ambako farasi waliruka vizuizi vichache mbele ya watazamaji. Kusudi la sehemu hii ya mwisho halikuwa kuona nani aruka juu zaidi. Kusudi lilikuwa kujua kama farasi, baada ya taabu ya jana, bado anazo nguvu na bado anatii.

Kila kosa lilihesabiwa kuwa hasara. Farasi akikataa kuruka, hasara, akianguka, hasara, akichelewa, hasara. Mwenye hasara ndogo kuliko wenzake ndiye aliyeshinda.

Sasa naomba msomaji ashike vizuri sheria moja, maana habari yote imesimama juu yake. Pamoja na mashindano ya mtu mmoja mmoja kulikuwa na mashindano ya nchi. Kila nchi ilileta wapandaji watatu, wala hapakuwa na wa akiba. Hasara za watu wote watatu zilijumlishwa. Mmoja akishindwa kumaliza, nchi yake ilitolewa, hata kama wenzake wawili walikuwa wa kwanza na wa pili. Ilikuwa ni kama jiko la mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu hakikai.

Wajerumani walimchagua Ludwig Stubbendorff na farasi wake Nurmi, Rudolf Lippert na farasi wake Fasan, na Luteni Konrad von Wangenheim na farasi wake Kurfürst. Jina hilo la Kurfürst lilikuwa ni cheo cha watawala wa zamani wa Ujerumani waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari. Jumla ya wapandaji waliokuja Berlin ilikuwa 50.

Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Agosti, ilikuwa siku ya safari ndefu. Vizuizi vya nyikani vilikuwa vimejengwa Döberitz, magharibi ya Berlin, mahali palipotumiwa na jeshi kwa mazoezi. Wangenheim alikuwa amebakiza siku tano tu kutimiza umri wa miaka 27.

Kizuizi cha nne kilikuwa bwawa. Ukikitazama kwa mbali hukuona kitu cha kutisha. Palikuwa na ua mfupi, na nyuma ya ua palikuwa na maji. Farasi alitakiwa aruke ua, atue majini, avuke, apande ukingo wa pili, aendelee. Lakini farasi ajapo kwa kasi hawezi kujua chini ya maji pana nini. Chini ya maji hayo palikuwa na matope laini. Farasi aliyetua hapo aliona miguu ya mbele ikizama na kunaswa, hali mwili wake bado unakwenda mbele kwa nguvu ya mruko. Matokeo yake ni rahisi kuyafahamu. Farasi baada ya farasi alijikwaa akaenda kichwa chini, au alisimama ghafula na mpandaji akaruka peke yake akatumbukia majini. Zaidi ya nusu ya farasi waliofika pale ama walianguka, ama waliwamwaga wapandaji wao. Mambo hayo yalipigwa picha za sinema, nazo zimo katika filamu ya Olympia ya Leni Riefenstahl, iliyotolewa mwaka wa 1938. Watu wengine wakiona picha hizo hucheka. Naamini kwamba wangejua yaliyofuata wasingecheka.

Mmoja wa wapandaji wa Marekani, Kapteni John Willems, alifika bwawani na farasi wake aitwaye Slippery Slim. Farasi huyo alivunjika mguu, na ikalazimu auawe ili asizidi kuteseka. Mwenzake Willems, Kapteni Earl Thomson, alitoka wa pili katika mashindano yote akiwa juu ya farasi jike Jenny Camp, akapewa nishani ya fedha. Lakini timu ya Marekani haikupata kitu, maana figa moja lilikuwa limeondoka.

Wangenheim naye akafika. Kurfürst aliruka ua, akatua majini, akajikwaa. Mpandaji akatupwa chini. Alipoinuka, mtulinga wake wa kushoto ulikuwa umevunjika.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mtulinga ni mfupa mwembamba unaounganisha bega na kifua. Mtu aliyevunjika mfupa huo hawezi kuinua mkono bila maumivu makali, na kila mtikisiko wa mwili humchoma. Mpanda farasi, kwa upande wake, anayo mikono miwili kwa sababu. Kwa hatamu za mkono wa kulia na wa kushoto humwelekeza farasi wake, humtuliza, na humpa nafasi ya kunyosha shingo anaporuka. Mbele ya Wangenheim kulikuwa na vizuizi zaidi ya 30, tena mahali pa milima na mabonde. Juu ya hayo, tumaini lake la kupata nishani ya mtu mmoja lilikuwa limekwisha palepale bwawani, kwa sababu ya hasara ya kuanguka na ya muda uliopotea. Kama angalikuwa amekuja Berlin kwa ajili ya nafsi yake tu, asingekuwa na sababu hata moja ya kupanda tena.

Alipanda tena. Akashika hatamu kwa mkono mmoja, akaendelea. Vizuizi vyote vilivyobaki alivipita bila kuanguka tena, akafika mwisho wa safari. Ndipo waganga walipopata nafasi ya kumtazama vizuri.

Jioni ile, wapandaji walipohesabiwa, ilionekana jinsi siku ilivyokuwa mbaya kwa karibu kila nchi. Nchi 14 zilileta timu, na nyingi zilikuwa zimekwisha tolewa. Waliobaki walikuwa na habari za ajabu. Kapteni Richard Fanshawe wa Uingereza alianguka, farasi wake akamtoroka, ikambidi amfukuze kwa miguu. Alimaliza, lakini kwa hasara kubwa mno. Otomar Bureš wa Czechoslovakia alitumia zaidi ya saa mbili katika njia ya nyikani, ambayo wengine waliimaliza kwa dakika chache tu, naye pia hakukubali kuacha. Kwa sababu ya ukaidi wa watu hao wawili, nchi zao zilibaki katika hesabu. Kwa hiyo nisieleweke kwamba Wangenheim peke yake ndiye aliyekuwa na moyo siku ile.

Kesho yake, Jumapili tarehe 16 Agosti, ilikuwa siku ya mwisho ya Michezo. Uwanja wa Olimpiki ulijaa watu wengi mno, karibu 100,000. Huu ndio uwanja uleule ambao Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alikuwa amejipatia nishani nne za dhahabu siku chache kabla. Ujerumani ilikuwa ya kwanza mpaka hapo, lakini kwa sharti kwamba wote watatu wamalize kuruka. Wangenheim aliingia akiwa juu ya Kurfürst, mkono wa kushoto umetundikwa kwa kitambaa shingoni.

Alivuka vizuizi vya kwanza. Kisha akafika mahali palipokuwa na vizuizi viwili vilivyokaribiana. Kurfürst alikuja vibaya, akajaribu kusimama, akainuka kwa miguu ya nyuma, akapinduka. Farasi akaanguka na mpandaji wake, naye Wangenheim akalaliwa na mnyama. Kurfürst alilala kimya bila kujitikisa, hata watu wakadhani kwamba amekufa.

Lakini hakuwa amekufa. Mara aliinuka. Wangenheim naye alitoka chini, akasimama, akamshika farasi wake, na kwa mkono mmoja akapanda tandikoni mara nyingine. Akavimaliza vizuizi vilivyosalia bila kosa. Watu wote wa uwanja ule wakampigia makofi na kelele za furaha.

Hesabu zikafanywa. Stubbendorff alikuwa wa kwanza katika mashindano ya mtu mmoja mmoja, akapata nishani ya dhahabu kwa hasara ya 37.70 tu. Lippert alikuwa wa sita. Wangenheim, kwa hasara ya zaidi ya 500, alikuwa wa 24 kati ya 27 waliomaliza. Kwa kujumlisha wote watatu, Ujerumani ilikuwa na hasara ya 676.65. Poland ilifuata kwa 991.70. Uingereza ilikuwa ya tatu kwa hasara ya zaidi ya 9,000, na Czechoslovakia ya nne kwa zaidi ya 18,000. Nchi nyingine zote kumi hazikumaliza.

Tazama basi hesabu hizo. Hasara ya Wangenheim peke yake ilizidi sana hasara za wenzake wawili zikiwekwa pamoja. Mtu mvivu wa kufikiri angeweza kusema kwamba yeye ndiye aliyeirudisha timu nyuma. Lakini hasara ile kubwa ndiyo iliyoleta nishani ya dhahabu, kwa maana kama asingeiandikisha kwa kufika mwisho, kazi nzuri ya Stubbendorff na Lippert isingehesabiwa kwa ajili ya nchi yao hata kidogo. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa tumeona zaidi ya hayo: hata kidole kilichoumia chahitajika.

Mpaka hapa habari ni ya kusifu, na wengi waliosimulia maisha ya mtu huyu wameishia hapa. Mimi sidhani kwamba ni haki kuishia hapa. Yako mambo mawili ambayo lazima tuyapime pia.

La kwanza ni farasi. Wangenheim alichagua mwenyewe kuendelea, lakini Kurfürst hakuulizwa. Farasi watatu walipoteza maisha katika mashindano yale ya Berlin. Wako waliolalamika baadaye kwamba bwawa halikuwa kizuizi cha haki, na kwamba wenyeji walilijua kuliko wageni. Ingawa ni kweli pia kwamba Mjerumani mmoja alianguka humohumo na kuvunjika. Ninavyoona mimi, kipimo cha ujuzi ni kile ambacho mwenye ujuzi hukipita na asiyekuwa nao hushindwa. Kizuizi kinachowaangusha zaidi ya nusu ya farasi bora wa dunia hakipimi ujuzi, bali chacheza bahati nasibu kwa mifupa ya wanyama. Michezo imejifunza jambo hilo polepole. Kwa sheria za siku hizi, mpandaji akianguka katika njia ya nyikani hutolewa mashindanoni papo hapo, na waganga wa wanyama huwatazama farasi kabla hawajaruhusiwa kuruka siku ya mwisho. Sheria ya timu nayo ilibadilishwa. Tangu mwaka wa 1960, kwa miaka mingi, kila nchi iliruhusiwa wapandaji wanne na kuhesabiwa watatu waliofanya vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba Wangenheim, kama angalikuwapo leo, asingeruhusiwa kufanya lile lililompa jina. Nami sioni kwamba jambo hilo lampunguzia heshima. Lakini naona kwamba sheria za leo ni bora.

La pili ni serikali. Mwaka wa 1936 Ujerumani ilitawaliwa na Hitler na chama chake cha Nazi. Serikali hiyo ilitaka kutumia Michezo ile kuuonyesha ulimwengu kwamba watu wake ni bora kuliko watu wengine. Wajerumani walipata nishani zote sita za dhahabu za upandaji farasi mwaka ule, na kwa watawala wale habari ya afisa kijana aliyevunjika mfupa akaendelea ilikuwa kama zawadi. Ilisimuliwa kwa vijana wa Ujerumani ili nao wajifunze kuvumilia na kutii bila kuuliza. Miaka mitatu baadaye vijana haohao walipelekwa vitani, nasi twajua vita vile viliwagharimu wanadamu nini. Uvumilivu ni kama kisu kikali: hukata nyama ya karamu, na mkononi mwa mwizi hukata shingo ya mtu. Kisu ni kilekile. La kuuliza ni nani anayekishika na kwa kazi gani.

Vita hivyo viliwameza baadhi ya wapandaji wa mashindano yale. Ludwig Stubbendorff, mshindi wa dhahabu mbili, aliuawa vitani upande wa mashariki mwaka wa 1941. Rudolf Lippert alikufa mwaka wa 1945, vita vikikaribia kwisha. Kati ya Wapoland watatu waliopata nishani ya fedha, mmoja, Zdzisław Kawecki, alitekwa na Warusi, akauawa mwaka wa 1940 pamoja na maelfu ya maofisa wenzake wa Poland katika mauaji ya Katyn. Watu waliokuwa wakishindana kwa farasi Döberitz mwaka wa 1936 walikuwa, kabla ya miaka mitano kupita, wakiwindana kwa bunduki.

Wangenheim mwenyewe aliendelea na kazi ya jeshi wakati wa vita. Mwaka wa 1944 alitekwa na jeshi la Urusi. Vita vikaisha mwaka wa 1945, lakini yeye hakurudishwa kwao. Alikaa kifungoni mwaka baada ya mwaka, mpaka alipokufa tarehe 28 Januari, 1953, katika kambi ya wafungwa mjini Stalingrad, mji ambao tangu mwaka wa 1961 unaitwa Volgograd. Alikuwa na umri wa miaka 43. Wafungwa wa mwisho wa Kijerumani waliachiliwa mwaka wa 1955 na mwanzo wa 1956. Mtu aliyesifiwa kwa kuwa hakukubali kuachia njiani alikufa akiwa amebakiza miaka mitatu tu kuona mlango ukifunguliwa. Hapakuwa na makofi huko, wala watazamaji 100,000.

Basi, twajifunza nini kutoka kwa maisha hayo?

Wako watakaosema kwamba funzo ni kutokata tamaa. Ni kweli, lakini neno hilo limesemwa mara nyingi hata limechakaa, tena pekee halitoshi. Mtu anaweza kung'ang'ania jambo baya bila kukata tamaa, na hilo si jambo la kusifiwa. Mimi natazama zaidi dakika ile moja pale ukingoni mwa bwawa, mtu amelowa, mfupa umevunjika, farasi anatetemeka, na nishani yake mwenyewe imekwisha kupotea. Dakika ile mtu huulizwa swali jepesi: Je, kazi hii niliifanya kwa ajili yangu, au kwa ajili yetu? Akiwa aliifanya kwa ajili yake, basi imekwisha na aende zake. Akiwa aliifanya kwa ajili ya wenzake, basi bado haijaisha.

Sisi pia twakutana na swali hilo, ijapokuwa hatuna farasi. Katika mbio za nyika ambazo shule zetu hushindana, timu huhesabiwa kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji kadhaa. Anayefika wa 40 hupewa nafasi yake katika hesabu kama anayefika wa kwanza, na anayekaa chini njiani kwa sababu ameona kikombe hakipati, huwanyang'anya wenzake. Vivyo hivyo katika kwaya, katika shamba la shule, na katika chumba cha masomo ambamo kundi la wanafunzi limepewa kazi moja. Siku njema kila mtu ni mwanachama mzuri. Siku mbaya ndiyo inayoonyesha nani alikuwa wa timu.

Lakini nawaomba vijana washike na upande wa pili wa habari hii. Kabla ya kutoa nguvu zenu zote, ulizeni ni kwa ajili ya nani na kwa kazi gani. Kama mmevunjika, semeni, mtazamwe na mganga. Siku hizi hakuna mwalimu mwema atakayetaka mtu akimbie na mfupa uliovunjika, na akitokea wa kutaka hivyo, amekosea. Na kama kuna asiyeweza kusema, awe ni mnyama au mtoto mdogo aliye chini yenu, basi ninyi mseme badala yake, maana Kurfürst hakuwa na mtu wa kumsemea.

Konrad von Wangenheim alikuwa afisa mwaminifu wa serikali iliyokuwa mbaya. Aliipa timu yake yote aliyokuwa nayo, na mengine ambayo hayakuwa yake kutoa. Ndiyo sababu nimeona afadhali tumkumbuke kwa ukamilifu: kwa moyo aliouonyesha bwawani, kwa farasi wasiorudi zizini, na kwa mwisho wake kifungoni. Mtu akisimuliwa nusu, hutufundisha nusu.